Postfix imegoma kwenye CentOS ya zamani: anza na dalili

Seva za CentOS 6, toleo la zamani la Linux, bado zipo kazini. Moja inatuma ankara, nyingine inaendesha mfumo wa mahudhurio, nyingine aliyeifunga ameshaacha kazi na programu iliyomo haikubali kuhamishwa. CentOS 5 iliacha kupata viraka vya usalama tarehe 31 Machi 2017, na CentOS 6 tarehe 30 Novemba 2020. Mwenye uwezo wa kuhama ahame. Asiye na uwezo huo, na anayetaka seva yake itume barua kwa kutumia Postfix, atakutana na mengi ya haya yafuatayo.

Lawama nyingi zinazotupiwa Postfix si zake. Ni saa ya mashine iliyopotea, ghala la vifurushi lililohamishwa, sendmail ya zamani ambayo haikuzimwa, au maktaba ya usimbaji ya OpenSSL iliyozeeka. Kwa hiyo kabla hujagusa main.cf (faili kuu la mipangilio ya Postfix), ingia kama root uangalie haya:

    date
    df -h /var
    df -i /var
    egrep '(warning|error|fatal|panic):' /var/log/maillog | more

Saa ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Betri ya ubao mama ikifa, kila umeme ukikatika mashine inaamka ikiwa miaka mingi nyuma, na kila cheti cha TLS (usimbaji wa mawasiliano) kinaonekana hakijaanza kutumika. Nafasi ya diski nayo ina kanuni yake: Postfix hukataa kupokea barua kwa SMTP pale nafasi iliyobaki kwenye foleni inapopungua kuliko mara moja na nusu ya message_size_limit, na mtumaji ataona "452 4.3.1 Insufficient system storage" wakati df inakuonyesha bado kuna nafasi kidogo. Amri ya df -i inahesabu inodi, yaani nafasi za kusajili faili. Diski inaweza kuwa na nafasi tele lakini inodi zimekwisha kwa sababu ya maelfu ya faili ndogo ndogo.

Logi isome kuanzia kosa la kwanza baada ya kuwasha programu. Watu wengi hunakili mstari wa mwisho na kwenda kuuliza, na huo kwa kawaida ni matokeo tu ya kosa lililotajwa juu yake.

Tena, weka nakala ya mipangilio uliyoikuta:

    tar czf /root/barua-kabla.tgz /etc/postfix /etc/mail /etc/aliases

Folda mojawapo isipokuwepo tar italalamika, lakini zilizopo zitaingia.

Yum inasema "Cannot find a valid baseurl for repo: base"

Chanzo kinachoongoza: ghala la CentOS 6 ambamo yum hupakua vifurushi halipo tena kwenye vioo (seva za nakala) vya kawaida. Lilihamishiwa vault.centos.org. Fungua /etc/yum.repos.d/CentOS-Base.repo, weka alama ya # mbele ya kila mstari wa mirrorlist, kisha kwenye sehemu ya [base] andika:

    baseurl=http://vault.centos.org/6.10/os/$basearch/

Sehemu ya [updates] fanya vivyo hivyo, ila badala ya os weka updates. CentOS 5 inatumia 5.11. Halafu:

    yum clean all
    yum makecache

Mstari wa gpgcheck=1 usiuguse. Sahihi ya GPG ndiyo inayothibitisha kwamba kifurushi hakikuchezewa njiani, hasa unapopakua kwa http tupu.

Kama bado inagoma, angalia DNS: je, /etc/resolv.conf inataja seva iliyo hai? Ofisi ikibadilisha ruta, seva yenye anwani ya kudumu hubaki ikiuliza ruta ambayo haipo tena. Chanzo cha nadra zaidi ni faiwoli ya ofisi kuizuia mashine hiyo isitoke kabisa, na hapo mzungumzie mwenye mtandao.

Kwenye CentOS 6 Postfix 2.6.6 huwa imekuja na mfumo wenyewe. Kwa seva inayotuma taarifa na ankara tu, inatosha. Usikimbilie kujenga toleo jipya kwa sababu tu namba yake ni kubwa zaidi.

Unajenga kutoka msimbo chanzo na make inakataa

Kama una sababu ya kweli ya kujenga mwenyewe, kosa la kwanza litakuwa hili:

    No <db.h> include file found.
    Install the appropriate db*-devel package first.

Maktaba ya Berkeley DB ipo, lakini faili zake za kujengea hazipo. Dawa ni `yum install gcc make db4-devel`, na ukitaka TLS ongeza openssl-devel. Baada ya hapo usirudie make moja kwa moja. Mabaki ya jaribio la kwanza yatakuchanganya. Safisha kwanza:

    make tidy
    make makefiles CCARGS="-DUSE_TLS" AUXLIBS="-lssl -lcrypto"
    make

Kosa la pili linashangaza zaidi: "Unknown system type: Linux", ikifuatiwa na namba ya keneli. Msimbo chanzo wa zamani unatambua namba za keneli zilizokuwepo ulipoandikwa, basi. Mtu anauliza, mbona CentOS 6 inatumia keneli 2.6.32 na hiyo inajulikana? Andika `uname -r`. Ikiwa mashine yako ni kontena, utaona keneli ya mwenyeji wake, ambayo inaweza kuwa toleo la 5 au 6. Chukua toleo la Postfix linaloitambua keneli hiyo, au jenga ndani ya mashine pepe kamili yenye keneli yake yenyewe.

Hapo unabanwa pande zote mbili, kwa sababu kuna kikomo cha juu pia. CentOS 6.10 ina OpenSSL 1.0.1e. Postfix 3.4 iliacha kuikubali OpenSSL 1.0.1, na Postfix 3.6 inadai angalau 1.1.1. Kwa hiyo ukitaka TLS bila kugusa maktaba za mfumo, mwisho wako ni 3.3.

Na hapa simama. Kuna maelekezo yanayokuambia ubadilishe OpenSSL au glibc (maktaba ya msingi ya Linux) ya mfumo kwa nguvu ili toleo jipya lijengeke. Glibc ikiharibika, hata ls haifanyi kazi, sshd haikupokei, na kama hauko mbele ya mashine umejifungia nje. Ikiwa njia pekee iliyobaki ni hiyo, tafuta msimamizi wa mifumo mwenye uzoefu au hamisha kazi ya barua kwenye mashine nyingine.

make install inadai "postfix" needs an entry in the passwd file

Hili ni jepesi. Postfix inahitaji mtumiaji wake peke yake na kundi la postdrop lisilo na mtu ndani:

    groupadd -r postfix
    groupadd -r postdrop
    useradd -r -g postfix -d /var/spool/postfix -s /sbin/nologin postfix

Usimtumie nobody, na usimwingize mtumiaji wa tovuti kwenye postdrop hata kama kuna mtu amekushauri hivyo. Usalama wote wa foleni umejengwa juu ya utengano huo.

"fatal: bind 0.0.0.0 port 25: Address already in use"

Kuna mwingine amekalia poti 25. Mtafute:

    netstat -tlnp | grep ':25 '

Mara nyingi jina litakalotokea ni sendmail, maana kwenye CentOS 5 ndiyo iliyokuwa programu ya barua ya msingi, na seva nyingi zilizopandishwa au kunakiliwa ziliendelea nayo. Izime na uizuie kuamka tena:

    service sendmail stop
    chkconfig sendmail off
    alternatives --set mta /usr/sbin/sendmail.postfix
    service postfix start

Mstari wa alternatives ndio unaosahaulika. Programu za PHP, cron na nyingine nyingi huita /usr/sbin/sendmail bila kujali nani yuko nyuma ya jina hilo. Ukiuacha, Postfix itawaka vizuri kabisa, poti 25 itakuwa yake, na bado barua za cron zinaweza kuingia kwenye foleni ya sendmail iliyozimwa na kukaa humo.

Ukiwa umejenga kutoka msimbo chanzo, alternatives haihusiki. Kabla ya make install, badilisha jina la faili ya zamani iwe /usr/sbin/sendmail.OFF, na newaliases na mailq vivyo hivyo. Usiifute. Katika /var/spool/mqueue kunaweza kuwa na barua zinazongoja, na Postfix haisomi foleni ya sendmail. Zisukume kwa `/usr/sbin/sendmail.OFF -q` hadi ziishe, ndipo uiondolee ruhusa ya kuendeshwa kama mwenye mamlaka kwa chmod 755.

Jina likiwa ni master, basi ni Postfix yenyewe, pengine nakala ya pili iliyowashwa kutoka /usr/local. Likitokea jina usilolijua kabisa, usiliue haraka: nenda kwanza sehemu ya mwisho ya makala hii.

Kwenye FreeBSD mambo ni yale yale kwa majina mengine. Weka sendmail_enable="NONE" ndani ya /etc/rc.conf, kisha elekeza /etc/mail/mailer.conf kwenye Postfix.

Postfix iko hai, ila programu za ndani haziwezi kutuma

Logi inarudia mstari kama huu bila kuchoka:

    postdrop: warning: mail_queue_enter: create file maildrop/...: Permission denied

Angalia vitu viwili:

    ls -l /usr/sbin/postdrop
    ls -ld /var/spool/postfix/maildrop

Cha kwanza kinatakiwa kianze na -rwxr-sr-x, mwenyewe root, kundi postdrop. Ile s ya katikati ndiyo roho ya jambo: inamwezesha mtumiaji wa kawaida kuweka barua kwenye foleni bila kuruhusiwa kusoma za wenzake. Cha pili kinatakiwa kiwe drwx-wx---, mwenyewe postfix, kundi postdrop. Seva iliyohamishwa kwa cp au tar iliyopigwa na mtu asiye root huwa imepoteza s hiyo. Acha kurekebisha kwa mkono, Postfix inajua kujipanga:

    postfix set-permissions
    postfix check

Ikikaa kimya baada ya amri ya pili, ni habari njema. Ikibaki vilevile, angalia kama /usr imepachikwa kwa nosuid, chaguo linaloifanya s hiyo isifanye kazi (andika mount usome). Halafu SELinux (kinga ya ziada ya Linux): `getenforce` ikijibu Enforcing, rudisha alama zake kwa `restorecon -Rv /etc/postfix /var/spool/postfix`. Kuizima SELinux moja kwa moja kwenye mfumo usiopata viraka ni kuvua kinga iliyobaki.

Tafadhali usipige chmod 777 kwenye /var/spool/postfix. Ushauri huo umezagaa sana na haujawahi kuwa sahihi. Kila mwenye akaunti kwenye seva ataweza kufuta barua za wengine au kupandikiza zake.

"open database /etc/aliases.db: No such file or directory"

Andika `newaliases`. Kwa wengi imeisha hapo.

Ikisema "Invalid argument" badala ya kutokuwepo, faili lilijengwa na toleo lingine la Berkeley DB, kwa kawaida kwa sababu /etc ilinakiliwa kutoka mashine nyingine. Futa .db tu, liache faili la maandishi, kisha rudia newaliases. Faili nyingine za aina hiyo zijengwe upya kwa postmap. Na ukiona "unsupported dictionary type: hash", Postfix yako ilijengwa bila Berkeley DB, `postconf -m` itakuonyesha aina inazozijua.

Ukiwa hapo, hakikisha lakabu ya root inaelekea kwa mtu anayesoma barua. Maonyo ya diski kujaa yaliyokaa miaka kwenye /var/spool/mail/root hayakumsaidia mtu.

Barua zinaingia foleni na hazitoki

Hapa ndipo penye kazi. Andika `mailq` usome sababu iliyo kwenye mabano chini ya kila barua.

"Connection timed out" kwenda poti 25 ya kila seva unayoijaribu: mtoa huduma wako wa intaneti amefunga poti 25 ya kutoka. Wengi hufanya hivyo makusudi kuzuia barua taka, na hakuna mstari wa main.cf utakaoifungua. Thibitisha kwa `telnet` kwenda poti 25 ya seva mbili tofauti. Zote zikikaa kimya, pitisha barua kwenye seva ya mtoa huduma wa baruapepe kupitia poti 587:

    relayhost = [smtp.example.com]:587
    smtp_sasl_auth_enable = yes
    smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
    smtp_sasl_security_options = noanonymous
    smtp_tls_security_level = may

Mabano ya mraba yana kazi: yanaiambia Postfix iende kwenye jina hilo hilo bila kutafuta rekodi ya MX (rekodi ya DNS inayotaja seva inayopokea barua za jina fulani). Ndani ya sasl_passwd jina liandikwe kwa herufi zile zile, mabano na poti pamoja, la sivyo nenosiri halitapatikana. Kisha `chmod 600` faili hilo, `postmap` juu yake, na `postfix reload`.

Baada ya hapo makosa hubadilika sura. "Must issue a STARTTLS command first" maana yake umesahau mstari wa mwisho, kwenye 2.6 TLS huwa imezimwa mpaka uiwashe. "No worthy mechs found" haihusiani na nenosiri hata kidogo: kifurushi cha cyrus-sasl-plain hakipo. Kisakinishe. Na kama mtoa huduma anataka poti 465, Postfix ya zamani itaunganisha na kungoja salamu isiyokuja hadi muda uishe, kwa sababu smtp_tls_wrappermode ilianza na Postfix 3.0. Tumia 587, au weka stunnel katikati.

"Cannot start TLS: handshake failure" ni umri. OpenSSL ilianza kuijua TLS 1.2 kwenye toleo 1.0.1, mwaka 2012, na seva nyingi za leo hazikubali chini ya hapo. CentOS 6 iliyobaki kwenye matoleo yake ya mwanzo ina 1.0.0, sasisha kwa `yum update openssl` kutoka vault. CentOS 5 ina 0.9.8 na haina njia ya kawaida ya kutoka hapo. Kwa hiyo iache itume kwa seva nyingine mpya ndani ya mtandao wako, na hiyo mpya ndiyo itoke nje kwa TLS. Ukikuta "Untrusted TLS connection established" kwenye logi, usihangaike: barua imesimbwa, ila cheti hakikuhakikiwa, na hivyo ndivyo kiwango cha may kinavyofanya.

"Name service error" yenye "try again" ni DNS. Rudi kwenye resolv.conf. Wenye Debian wana mtego wa ziada: huko mara nyingi Postfix hufungiwa ndani ya /var/spool/postfix na kusoma nakala yake ya etc/resolv.conf iliyo humo, hivyo dig inajibu vizuri na Postfix inaendelea kulalamika. Anzisha upya Postfix ili nakala ifanywe tena.

"Network is unreachable" yenye anwani ndefu ya nukta pacha: mashine inajaribu IPv6 ambayo mtandao wako hauna. Weka `inet_protocols = ipv4` na uizime kisha uiwashe; reload haitoshi kwa badiliko hilo.

"mail for … loops back to myself": DNS inasema barua za jina hilo zije kwako, lakini jina halimo kwenye mydestination (orodha ya majina ambayo seva hii hupokea barua zake).

"Relay access denied"

Kompyuta inayotuma haimo kwenye mynetworks (orodha ya mitandao inayoruhusiwa kutuma kupitia seva hii), au jina la anayetumiwa halimo kwenye mydestination. Angalia `postconf mynetworks`, kisha ongeza mtandao wa ofisi peke yake, mfano 192.168.10.0/24.

Usiandike 0.0.0.0/0. Kosa litatoweka papo hapo, na ndiyo maana watu huandika. Seva iliyo wazi kwa dunia nzima hugunduliwa na watuma barua taka, na kuiondoa anwani yako ya IP kwenye orodha za waliozuiwa kunachukua muda mrefu kuliko kazi yote iliyo hapo juu.

Zinatoka, ila upande wa pili unazirudisha au kuzitupa kwenye taka

Kwanza `postconf myhostname`. Ikijibu localhost.localdomain, weka jina kamili linalopatikana kwenye DNS. Pili, rekodi ya PTR (inayotoa jina kutokana na anwani) ya anwani yako ya IP: huwezi kuiweka mwenyewe, anayemiliki anwani ndiye anayeiweka, basi mwandikie mtoa huduma wako. Tatu, SPF ya jina lako (rekodi ya DNS inayoorodhesha seva zinazoruhusiwa kutuma) itaje seva inayotuma. Ukipitisha barua kwa mtoa huduma wa baruapepe, PTR ni kazi yake na imebaki SPF tu.

Foleni imejaa barua usizozijua

Simama. Maelfu ya barua kwenda kwa watu wageni, au programu isiyojulikana kwenye poti 25, ni dalili kwamba kuna mtu ameingia, kwa kawaida kupitia fomu ya tovuti au nenosiri dhaifu. Andika `postfix stop`. Usifute foleni na usiwashe mashine upya: kichwa cha barua moja ukiifungua kwa `postcat -q` na namba yake kinaweza kumtaja mtumiaji aliyeituma, na orodha ya michakato inayoendelea itapotea ukiizima. Chomoa waya wa mtandao kama unaweza, mwite mtu wa usalama wa mifumo. Fanya hivyo pia ukiona "I/O error" kwenye dmesg, ila hapo anayehitajika ni fundi wa diski, na kila dakika ya kujaribu inapunguza kinachoweza kuokolewa.

Mtu huyo atakapokuja, mpe matokeo ya `postconf -n`, `rpm -q postfix openssl`, `uname -r`, na kipande cha maillog kuanzia kosa la kwanza. Faili la sasl_passwd libaki kwako.